Kutoka Jeshi la Kudumu Kwenda Jeshi la Akiba Marekani: Mwongozo Kamili kwa Askari Wetu

Siku yangu ya mwisho kwenye jeshi la kudumu ilikuwa Ijumaa. Mkataba wa jeshi la akiba niliutia sahihi Jumanne ya wiki ya pili yake. Nilijiona mjanja: nimehamisha mizigo, nimelala mpaka saa nne asubuhi, nimekula pilau za watu mjini, ndipo nikaenda kwa mwandikishaji kwa mwendo wangu. Siku ya sita binti yangu alipandwa na homa, akalazwa usiku mmoja. Bili zilikuja kwa bahasha tatu, ya hospitali, ya daktari na ya maabara. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba zile siku kumi nilizokaa bila kuwa askari wa upande wowote zilikuwa zimeninyima bima ya miezi sita. Wenzangu waliosaini kabla ya kutoka walikuwa wanaendelea na Tricare bila kukatwa hata senti.

Basi haya ninayoandika nimeshayalipia. Nawaandikia Waswahili wenzangu walio ndani ya jeshi la Marekani na wanaona mwisho wa mkataba unakaribia. Wengi wetu tuliingia kwa green card. Wengine walipitia MAVNI, ule mpango wa kuandikisha wahamiaji wenye ujuzi maalumu ulioanza 2009, ambao Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizotafutwa. Nitajikita kwenye Army kwa sababu ndiko nilikokaa. Wa Air Force, ulizieni Palace Front ikiwa mnamaliza mkataba, au Palace Chase ikiwa mnataka kutoka kabla ya muda na kumalizia akiba. Mengine, hasa ya bima, pensheni na kazi ya kiraia, yanatuhusu sote.

Kwanza tuelewane neno "akiba"

Nilipomwambia mama kwa simu kwamba sasa nipo jeshi la akiba, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Yaani umekuwa mgambo? Na huko Marekani nako mnafukuza wamachinga?" Sikumlaumu. Kwetu Tanzania jeshi la akiba ni mgambo. Huku ni kitu kingine, tena kina vyumba kadhaa, na ukiingia chumba kisicho chako utajuta.

Chumba cha kwanza ni IRR. Huku hakuna drili (mazoezi ya kikosi ya wikendi), hakuna mshahara, hakuna bima. Jina lako linakaa kwenye orodha, unatakiwa kusasisha anwani na kuitika ukiitwa kuhakikiwa. Vita vikipamba moto unaweza kurudishwa, kama walivyorudishwa wengi wakati wa Iraq. Usipofanya lolote, hapa ndipo utakapotupwa.

Chumba cha pili ni Army Reserve yenyewe, kwenye kikosi chenye jengo, kamanda na ratiba. Unaripoti wikendi moja kwa mwezi na kama wiki mbili kwa mwaka. Hili ni jeshi la serikali kuu.

Cha tatu ni National Guard. Ratiba inafanana, lakini hapa una mabwana wawili: Rais na gavana wa jimbo. Mafuriko, kimbunga, fujo mjini, gavana anaweza kukuita. Walioko Texas wanakumbuka jinsi askari wa Guard walivyopelekwa mpakani kuanzia 2021, na baadhi wakakaa huko muda mrefu kuliko walivyowahi kukaa ng'ambo.

Kuna pia AGR, ambao ni askari wa akiba wanaofanya kazi kila siku kwa mshahara kamili. Nafasi ni chache na zinagombewa. Ingia kwanza kikosini, watu wakujue, ndipo uziwinde.

Miezi 12 kabla: toa mkataba wako kabatini

Tafuta fomu ya DD 4 uliyosaini siku unaingia. Wengi tuliisaini usingizini, baada ya kuamshwa saa tisa usiku pale kituo cha kuapishia. Humo imeandikwa kwamba deni lako kwa jeshi ni miaka 8. Ukitumikia miaka 4 ya kudumu, minne iliyobaki bado ni ya jeshi: ama uimalize IRR bure, ama uimalize kikosini ukilipwa. Ukilijua hilo, maneno ya mwandikishaji kwamba "unajiongezea mzigo" au "unafanyiwa hisani" utayapima kwa mizani yako mwenyewe.

Mafunzo ya mpito, yaani TAP, yanatakiwa yaanze angalau siku 365 kabla ya kutoka. Sajenti wako anaweza kukwambia kikosi kina kazi nyingi. Mjibu kwa adabu kwamba ni sheria, kisha omba tarehe. Humo utapewa darasa la bajeti, la VA (wizara ya maveterani) na la kutafuta kazi. Mengine yanasinzisha, nakiri, ila la VA kaa macho.

Kila kambi kubwa ina mshauri wa kuwahamishia askari jeshi la akiba. Huyu ndiye mtu wako muhimu kuliko wote, kwa sababu anaweza kukusainisha mkataba ungali jeshi la kudumu, uanze kuhesabika siku inayofuata ETS yako, yaani siku mkataba wa kudumu unapoisha. Mwandikishaji wa mtaani utakutana naye baada ya kutoka, na hapo ndipo pengo linapoanzia. Mimi nilipita mlangoni kwa huyu mshauri miezi mitatu mfululizo, nikienda kula.

Maofisa, ninyi anzeni mapema zaidi. Kamisheni yako ya jeshi la kudumu haigeuki ya akiba yenyewe. Jina lazima lipite kwenye orodha inayoidhinishwa juu kabisa wizarani, na hilo linaweza kula miezi.

Guard au Reserve?

Watu huuliza ipi bora. Mimi huuliza: unafanya kazi gani, na unakwenda kuishi wapi?

Kama wewe ni askari wa miguu, jibu karibu limeshatoka. Army Reserve ina kikosi kimoja tu cha watembea kwa miguu, Batalioni ya 100 ya Rejimenti ya 442, ambayo ipo Hawaii na visiwa vya Pasifiki. Kama hukai huko na hutaki kubadili fani, nenda Guard. Kinyume chake, kama umo kwenye ugavi, uchukuzi, tiba, uhandisi au masuala ya kiraia, Army Reserve imejaa vikosi vya namna hiyo.

Kama unataka shule, linganisha majimbo. Guard ya Massachusetts, kwa mfano, inawalipia askari wake karo katika vyuo vya umma vya jimbo. Majimbo mengine hutoa sehemu tu. Hii ni faida juu ya GI Bill yako (fedha za masomo za askari), kwa hiyo unaweza kumaliza shahada ya kwanza kwa fedha ya jimbo na kuitunza GI Bill kwa ajili ya shahada ya pili au ya mwanao.

Na kuna la kwetu sisi. Guard ya Massachusetts ina ushirikiano rasmi na jeshi la Kenya tangu 2015, na ile ya Nebraska ina Rwanda na Tanzania. Vikosi vya akiba hupelekwa pia Djibouti, kambi ya Lemonnier. Sajenti anayeweza kukaa na wenyeji wake Nanyuki akazungumza nao bila mkalimani ni lulu, basi mwambie kamanda wako mapema kwamba unajua Kiswahili, fanya mtihani wa lugha uingie kwenye faili, na uliza kama kikosi chako kinastahili malipo ya lugha.

Kutafuta kikosi: nenda ukaone kwa macho

Mshauri atafungua kompyuta na kukuonyesha nafasi zilizo wazi karibu na msimbo wa posta utakaohamia. Atataka uchague hapo hapo. Usichague hapo hapo.

Chukua namba ya kikosi, piga simu, omba kuzungumza na sajenti anayekaa pale siku za kazi. Muulize drili huanza saa ngapi, hufanyika jengo gani, kikosi kinatarajiwa kupelekwa wapi na lini. Ukiweza, nenda siku moja ya drili kama mgeni. Utaona mengi kwa nusu saa: kama watu wana kazi ya kufanya au wanakaa kwenye viti vya kukunja wakisubiri saa kumi na nusu, na kama ghala la silaha na stoo vina mpangilio. Mimi ni mtu wa stoo, kwa hiyo nilikwenda moja kwa moja kwenye rafu. Kikosi cha kwanza nilichotembelea kilikuwa na mahema yaliyokunjwa yakiwa mabichi. Ukungu ulinikaribisha mlangoni kabla ya mtu. Nikatafuta kingine.

Pima pia umbali. Saa moja na nusu ya kuendesha inavumilika. Saa nne kila mwezi, tena Ijumaa usiku baada ya shifti, itakuchosha kabla mwaka haujaisha. Kuna fidia ya safari kwa baadhi ya kazi na umbali mkubwa, lakini si ya kila mtu, hivyo usiipigie hesabu kabla ya kuiona kwenye karatasi.

Ikiwa fani yako haipo karibu, utaambiwa ubadili. Hilo si baya, mradi uandikiwe utapelekwa shule lini. Nawajua watu waliokaa kikosini miaka miwili "wakisubiri shule", na huwezi kupanda cheo katika fani usiyoisomea.

Kinachoandikwa ndicho kilichopo

Mshauri au mwandikishaji anaweza kukuahidi bonasi, fani, kinga dhidi ya kupelekwa vitani, na kikosi fulani. Yote hayo yana mahali pake kwenye viambatisho vya mkataba. Kama hayamo, hayapo.

Bonasi ya kujiunga hutegemea fani, cheo na kikosi, na orodha hubadilika mara kwa mara. Soma masharti ya kuirudisha. Ukihama kikosi au fani kwa hiari yako kabla ya muda, wanaweza kukudai sehemu yake. Askari anayetoka jeshi la kudumu anaweza pia kupewa kinga ya hadi miaka 2 asipelekwe ng'ambo na kikosi chake kipya. Iombe, iandikwe, na weka nakala. Kikosi kikipewa amri ya kuondoka, wewe ndiwe utakayetakiwa kuitoa hiyo karatasi.

Kama una watoto na unafikiria kuwahamishia GI Bill, jambo hili linafanywa ungali ndani. Unahitaji miaka 6 ya utumishi na kukubali mingine 4, na hiyo minne inaweza kuwa ya kikosi cha akiba. Ukishatoka kabisa, au ukiangukia IRR, mlango umefungwa. Kwa wengi wetu hii peke yake inatosha kuwa sababu ya kusaini.

Miezi sita ya mwisho: mwili wako na VA

Dai la ulemavu wa kijeshi linaweza kuwasilishwa VA kati ya siku 180 na 90 kabla ya kutoka. Ukiwahi humo, madaktari wanakupima ungali kambini na majibu yanaweza kutoka muda mfupi baada ya ETS. Ukichelewa, unapanga foleni na wengine.

Najua tulivyolelewa. Mwanamume haendi zahanati kwa goti. Lakini goti ambalo halimo kwenye faili, kwa VA ni goti zima. Nenda, sema, liandikwe: mgongo, masikio yanayovuma, usingizi uliopotea. Omba nakala ya faili lote la tiba kabla hujakabidhi kitambulisho. Na usiogope kwamba kudai ulemavu kutakuzuia kujiunga na akiba. Watu wengi wana vyote viwili. Kinachoangaliwa ni kama unaweza kufanya kazi yako, na hali fulani zitahitaji kibali cha kitabibu. Ndiyo maana uanze mapema.

Siku yenyewe, na ile inayofuata

Hapa ndipo nilipoanguka, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Likizo ya mwisho inachanganya watu. Ukiondoka kambini Machi kwa likizo ya siku 50, bado wewe ni askari wa jeshi la kudumu mpaka siku ya ETS. Unalipwa, bima ipo. Huwezi kuanza drili. Mkataba wa akiba unatakiwa uanze siku moja baada ya ETS, si siku moja baada ya kuondoka kambini, na si ukishapumzika. Ukifanya hivyo, na ukatoka kwa heshima, wewe na familia yako mnapata siku 180 za Tricare ya mpito bila kulipa ada ya mwezi. Ukiacha pengo, hata la siku moja, haki hiyo inakupita.

Baada ya hizo siku 180, askari wa kikosi cha akiba hununua Tricare Reserve Select. Mtu mmoja hulipa dola hamsini na kitu kwa mwezi, na familia nzima chini ya 300. Viwango hubadilika kila Januari. Linganisha na bima ya kazini kwako na utaelewa kwa nini wazee wa miaka hamsini bado wanavaa kombati. Jisajili ndani ya siku 90 tangu ile ya mpito kuisha. Tahadhari moja: ukiajiriwa na serikali kuu, posta ikiwemo kwa wengi, na ukawa na haki ya bima ya wafanyakazi wake, huruhusiwi kununua hii mpaka sheria itakapobadilika Januari 2030.

Sasa DD 214, hati ya kuachishwa jeshi. Kabla ya kuitia sahihi, isome kama unavyosoma hati ya kiwanja. Kisanduku cha 6 kionyeshe tarehe deni lako la akiba litakapoisha. Cha 9 kionyeshe unakwenda wapi: kama umesaini kikosi na hapo pameandikwa umepelekwa kundi la IRR, simamisha kila kitu. Cha 24 kinasema umetoka kwa heshima ya namna gani, na cha 27 kina namba inayoamua kama unaweza kuandikishwa tena. 1 ni salama, 3 inataka kibali, 4 ni mlango uliofungwa. Hakikisha nishani zako na shule zako zote zimo. Kusahihisha pale dirishani ni dakika kumi. Kusahihisha baadaye ni barua juu ya barua. Ondoka na nakala ya Member 4, itie kwenye simu, kwenye barua pepe, na kwa mke au ndugu unayemwamini.

Hesabu ya fedha, bila kujidanganya

Kila kipindi cha drili cha saa nne hulipwa sehemu moja ya thelathini ya mshahara wako wa msingi wa mwezi. Wikendi ina vipindi vinne. Tuseme msingi wako ni dola 3,600. Kipindi kimoja ni 120, wikendi ni 480, mwaka wa wikendi 12 ni 5,760. Ongeza siku 14 za mafunzo ya mwaka, 1,680. Jumla 7,440 kabla ya kodi, pamoja na posho za chakula na nyumba kwa hizo siku 14. Wikendi za kawaida hazina posho ya nyumba. Kwa hiyo hii si mbadala wa mshahara. Weka akiba ya miezi mitatu kabla ya kutoka, na ujue kwamba malipo ya drili za kwanza yanaweza kuchelewa. Yangu ya kwanza yalikuja baada ya wiki tisa.

Bima ya maisha inaendelea kikosini, mpaka dola 500,000. TSP yako, akaunti ya akiba ya uzeeni, pia inaendelea, na kama upo kwenye mfumo mpya wa pensheni ulioanza Januari 2018, serikali inaendelea kukuchangia juu ya malipo ya drili.

Mtego ni huu. Huwezi kupokea fedha ya ulemavu ya VA na mshahara wa drili kwa siku ile ile. Kila kipindi cha drili huhesabiwa siku moja, kwa hiyo mwaka wa kawaida una siku 62 au 63 za kuchagua. Kila mwaka utapata fomu 21-8951. Wengi wetu tunaachia fedha ya VA ya siku hizo kwa sababu ya drili ni kubwa zaidi. Usipoijaza, VA itajua tu, kisha itakukata baadaye kwa mkupuo. Tenga kidogo kidogo.

Bosi wako wa kiraia

Wengi wetu tunafanya kazi kwenye nyumba za wazee, hospitali, maghala na malori. Nyumba za wazee zina shifti ya wikendi moja ndiyo, moja hapana, na hapo ndipo drili inapogongana na ratiba. Sheria ya USERRA ya 1994 iko upande wako: mwajiri lazima akupe ruhusa, hawezi kukulazimisha kutumia likizo yako, na si kazi yako kumtafuta wa kushika zamu. Ukiondoka kwa chini ya siku 31, unarudi shifti inayofuata baada ya kusafiri nyumbani na kupumzika saa 8. Siku 31 hadi 180, una siku 14 za kuomba kurudi. Zaidi ya hapo, siku 90. Jumla ya kutokuwepo kwa mwajiri mmoja ni miaka 5, na drili za kawaida hazihesabiwi humo.

Sheria ni ngao, lakini usiingie nayo ofisini umeishika mkononi. Kikosi hutoa ratiba ya drili ya mwaka mzima. Ichapishe, mpe anayepanga shifti mara tu unapoajiriwa, tuma na barua pepe ili ibaki na tarehe. Kwa madereva: mwambie anayepanga mizigo wiki tatu kabla, maana mzigo wa California ukiwa Oklahoma Ijumaa jioni hautakusubiri.

Drili, misiba na uraia

Hili nalisema kwa sauti. Ukikosa vipindi 9 bila ruhusa ndani ya mwaka mmoja, unahesabika mtoro. Wikendi mbili ni vipindi 8, na asubuhi ya wikendi ya tatu ni cha 9. Unaweza kushushwa cheo au kutolewa kwa sifa mbaya.

Kwa aliyezaliwa hapa hilo ni aibu. Kwa wewe uliyepata uraia kupitia utumishi wakati wa vita, sheria inaruhusu uraia huo ufutwe ukitolewa kwa sifa isiyo ya heshima kabla hujatimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima. Kama una green card tu, peleka N-400, fomu ya kuomba uraia, ungali ndani, maombi ya askari hayatozwi ada, na fomu ya N-426 ya kuthibitisha utumishi wako ni rahisi kupigwa muhuri na kamanda anayekuona kila siku kuliko na ofisi isiyokujua. Wenzangu Watanzania, kumbukeni mkishaapa hapa pasipoti ya nyumbani inaondoka. Wakenya, Katiba yenu ya 2010 inawaruhusu vyote viwili.

Sasa, sisi ni watu wa safari ndefu. Baba akifariki Musoma, hutazika kwa WhatsApp. Piga simu kwa sajenti wako kabla ya kukata tiketi, omba ruhusa kwa maandishi, na omba kufidia hiyo drili siku nyingine. Makamanda wengi wataelewa msiba. Hawataelewa kimya. Safari ya Desemba nayo ipange ukiwa umeshaona ratiba, na kama una kibali cha usalama, toa taarifa ya safari ya nje kabla ya kuondoka.

Pointi: pensheni inahesabiwa hivi

Jeshi la akiba halikupi pensheni siku unayotoka. Unahitaji miaka 20 mizuri, na mwaka mzuri ni wenye pointi 50 au zaidi. Unapata 15 kwa kuwa mwanachama tu, 1 kwa kila kipindi cha drili, 1 kwa kila siku ya kazi ya kudumu. Mwaka wa kawaida wa kikosini ni 15, na 48, na 14: pointi 77. Mwaka wa IRR bila kufanya kitu ni 15, na huo hauhesabiki.

Miaka 4 ya kudumu inakupa pointi 1,461. Ongeza miaka 16 ya akiba ya pointi 77, yaani 1,232. Jumla 2,693. Gawa kwa 360, unapata karibu miaka 7.5. Kwenye mfumo mpya unazidisha kwa asilimia 2, na hapo ni karibu asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kuanzia miaka 60, ambayo inaweza kushuka kwa miezi 3 kwa kila siku 90 za aina fulani za kuitwa kazini. Si utajiri. Lakini aliyetoka na miaka 4 akaenda zake hana hata hiyo.

Drili ya kwanza

Fika nusu saa kabla. Beba DD 214, mkataba, vyeti vya ndoa na vya watoto, namba ya benki, rekodi ya chanjo na matokeo ya mwisho ya mtihani wa viungo. Mazoezi utafanyia nyumbani peke yako, na hapo ndipo tumbo hutokea.

Kabla ya kuondoka Jumapili, hakikisha umeingizwa kwenye mfumo wa mishahara, uliza ni nani hasa anayeshughulikia malipo, na piga picha karatasi ya mahudhurio yenye sahihi yako. Mwaka ukiisha, fungua fomu ya 5016 na uhesabu pointi zako moja moja. Kwa Guard ni NGB 23. Yangu ya kwanza ilikosa pointi 8, wikendi mbili nzima za Oktoba na Novemba, kana kwamba sikufika. Nilituma zile picha mbili. Zikarudishwa baada ya miezi minne.